Mama mkwe anasema aspirini itaitoa mimba, na watafiti wanataka kipande cha kondo

Mama Mkunga, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 27, naishi Morogoro na mume wangu pamoja na mama yake mzazi. Mwaka jana mwezi wa saba nilimpoteza mtoto wangu wa kwanza, mimba ikiwa ya wiki 31. Kichwa kilianza kuuma Jumatano. Kliniki nilikuwa nimekwenda wiki mbili nyuma, ila siku hiyo mashine ya presha ilikuwa mbovu, wakanijazia kadi hivyo hivyo nikarudi nyumbani. Ijumaa usiku nikaanza kuona vimulimuli mbele ya macho, na uso ulivimba hadi mume wangu akaniuliza kama nilikuwa nalia. Tunafika hospitali, presha 170 kwa 115. Mtoto alikuwa hachezi tena. Wakanianzishia uchungu, nikamzaa ameshafariki. Alikuwa wa kiume.

Sasa nina mimba ya wiki 12. Daktari aliposikia historia yangu aliniandikia aspirini ndogo, vidonge viwili vya miligramu 75 kila usiku, akasema nianze leo leo. Nilinunua. Mama mkwe alipoliona boksi alikuja juu. Anasema zamani wasichana walikuwa wanabugia aspirini kusudi mimba itoke, na kwamba dawa hiyo inaigeuza damu kuwa maji, nitakwenda kumwagika kama bomba. Mume wangu yuko kimya tu. Leo ni siku ya tisa na sijameza hata kimoja. Nimevificha kwenye begi la kujifungulia, lile lile la mwaka jana. Liko chini ya kitanda na kanga zake, pamba na nyembe, sijalifungua kwa sababu nyingine yoyote.

La pili, pale kliniki kuna wadada wa utafiti. Wanafuatilia wajawazito ambao waliwahi kupata kifafa cha mimba. Wanasema watanitoa damu mara nne, watanipiga ultrasaundi mbili za ziada, na siku ya kujifungua watachukua kipande cha kondo la nyuma. Walinipa karatasi nikaisome nyumbani. Mama mkwe kusikia neno kondo, alikaa chini. Kwao kondo linazikwa na bibi wa mtoto mahali anapopajua mwenyewe, na likiangukia mikononi mwa watu, uzazi umefungwa. Hapo ndipo mume wangu akafungua mdomo: "Mke wangu hafanyiwi majaribio."

La tatu sijamwambia mtu. Jumatatu ya wiki ile nilibeba ndoo tatu za maji kutoka kwa jirani, maana ya kwetu yalikuwa yamekatika. Mama mkwe alikuwa amenikataza. Nikifumba macho nazihesabu zile ndoo. Ni mimi niliyemuua?

Mwenye Begi, Morogoro

* * *

Marahaba mwanangu. Pole kwa mtoto. Nasema pole kwa mtoto kwa sababu najua wengi wamekupa pole ya "kuumwa", kana kwamba uliugua malaria ukapona.

Naanzia kwenye ndoo, la sivyo utasoma mengine yote huku unahesabu. Hapana, si wewe. Na sikwambii hivyo kukubembeleza.

Ugonjwa uliokupata ni kifafa cha mimba, jina tunalolitumia hata kwa presha ya mimba ya namna hiyo kabla mama hajaanguka kifafa, na hauanzi wiki ya 31. Unaanza tumbo likiwa halijaonekana hata kidogo. Kondo la nyuma linapojishikiza kwenye ukuta wa mji wa mimba, hupenyeza chembe zake ndani ya vijishipa vya damu vya mama na kuvitanua, vile vilivyokuwa vyembamba kama uzi viwe njia pana ya kumlisha mtoto. Kazi hiyo kwa sehemu kubwa inakuwa imekwisha kufikia kama wiki ya 20. Kwa wanawake wengine vijishipa havitanuki inavyotakiwa. Kondo linabaki na njaa, na kondo lenye njaa humwaga kwenye damu ya mama vitu vinavyoumiza mishipa yake mwili mzima. Hapo presha inapanda, figo zinavujisha protini kwenye mkojo, uso unavimba, ubongo unaingiliwa, na ndiyo vimulimuli ulivyoviona. Siku unajitwisha ndoo ya kwanza, mambo hayo yalikuwa yameshapita miezi. Ndoo inachosha mgongo. Kwenye vijishipa vya kondo haifiki.

Ukitaka kitu cha kukasirikia, kasirikia ile mashine mbovu. Kumpima mjamzito presha ndiyo sababu kubwa ya kumtoa nyumbani kwake kuja kliniki, na kadi iliyojazwa bila presha ni karatasi tu. Safari hii hata wakikwambia mashine imeharibika, usiondoke. Uliza iliyoko wodini, au nenda kituo kingine siku hiyo hiyo. Famasi nyingi mjini wanapima kwa hela kidogo. Andika namba mwenyewe kwenye kadi, na tarehe.

Sasa aspirini.

Mama mkwe wako usimcheke. Ameshika ncha moja ya ukweli: aspirini inazuia chembe fulani za damu zisigandamane ovyo. Ndiyo kazi yake, na ndiyo sababu tunaitaka, kwa sababu kwenye kondo lenye shida damu hupenda kuganda ndani ya vile vijishipa vyembamba. Ila kuna aspirini ya kutuliza maumivu, ya miligramu 300 au zaidi, mtu anameza mbili mara tatu kwa siku, na kuna hii ya kwako. Ukivijumlisha vidonge vyako viwili unapata 150 kwa siku nzima, nusu ya kidonge kimoja kikubwa. Hao wasichana wa zamani anaowasema walikuwa wanabugia konzi.

Na isidhaniwe kwamba kuna mtu aliamka asubuhi akaamua wajawazito wameze aspirini. Madaktari wamebishana juu ya kidonge hiki tangu kabla hujazaliwa. Mwaka 1979 ilionekana kwamba waliokuwa wakimeza aspirini mara kwa mara wakati wa ujauzito walipata kifafa cha mimba kwa nadra kuliko wengine. Watu wakafurahi. Mwaka 1994 ukatoka utafiti mkubwa wa wanawake 9,364, wakipewa miligramu 60, na faida iliyoonekana ilikuwa ndogo mno. Wengi wakakata tamaa. Lakini wapo waliouliza: je, dozi haikuwa ndogo? Je, hawakuanza wakiwa wamechelewa, kondo likiwa limeshajijenga vibaya? Ikabidi kurudi mwanzo.

Mwaka 2017 yakatoka majibu ya utafiti uliofanyika Uingereza, nchi nyingine za Ulaya na Israeli. Waliandikishwa wanawake 1,776 ambao vipimo vilionyesha wana hatari kubwa. Nusu walipewa aspirini miligramu 150 kila usiku, kuanzia kati ya wiki ya 11 na 14 hadi wiki ya 36. Nusu nyingine walipewa vidonge vya kufanana navyo kabisa ambavyo ndani havina dawa, na si mama wala daktari aliyejua nani anameza kipi. Waliopata kifafa cha mimba na kulazimika kuzaa kabla ya wiki 37 walikuwa 35 kati ya 822 upande wa vidonge vitupu, na 13 kati ya 798 upande wa aspirini. Soma tena hizo namba polepole. Kisha mwangalie daktari wako kwa jicho jingine: dozi aliyokuandikia ndiyo hiyo hiyo, na wiki aliyokuanzishia ndiyo hiyo hiyo. Huyo daktari anasoma.

Ukisema hiyo ni Ulaya, upo mwingine uliochapishwa mwaka 2020, wa wanawake 11,976 wenye mimba ya kwanza, kutoka India, Pakistani, Guatemala, Zambia, Kongo na Kenya. Wao walipewa dozi ndogo zaidi, miligramu 81. Watoto waliofia tumboni au katika siku saba za kwanza walikuwa kama 46 kwa kila 1,000 upande wa aspirini, na kama 54 kwa kila 1,000 upande wa pili. Na lile la "kumwagika kama bomba" walilihesabu pia, maana hofu ya mama mkwe wako ni hofu ya kila daktari: hawakuona aspirini ikiwaletea akina mama madhara zaidi kuliko vidonge vitupu.

Nisikudanganye lakini. Namba zimepungua, hazikuisha. Hao 13 walimeza aspirini na wakaugua, na kwa kifafa cha mimba kinachokuja mwishoni kabisa, baada ya wiki 37, ule utafiti wa 2017 haukuona tofauti ya maana. Wewe uliyewahi kuugua mapema uko kwenye hatari kuliko jirani yako ambaye hajawahi. Kidonge kinakupunguzia hatari. Presha utaendelea kupimwa kama vile hukumeza kitu.

Kwa hiyo leo usiku, baada ya kula, meza viwili. Wiki ya 12 bado uko ndani ya muda mzuri, siku tisa zimepotea lakini treni haijaondoka. Isipokuwa kama una vidonda vya tumbo, au pumu, au uliwahi kuvimba au kubanwa kifua baada ya kunywa aspirini, au damu yako huwa haikati upesi ukijikata. Hapo rudi kwa daktari kwanza umwambie. Na ukiumwa kichwa au mgongo, usiende dukani kununua diklofenaki wala ibuprofeni ukiongeza juu yake. Tumia panado, tena kwa ushauri wa kliniki. Nalisema hili kwa sababu nimeona wanawake wakiogopa aspirini ndogo ya daktari, halafu jioni wanameza diklofenaki ya muuza duka bila swali lolote.

Muulize daktari pia kuhusu kalsiamu, maana hukuitaja. Shirika la Afya Duniani linashauri kalsiamu kwa wajawazito wa sehemu ambazo chakula hakina ya kutosha, gramu 1.5 hadi 2 kwa siku, na vidonge vya kiasi hicho ni vingi na vikubwa, wengi huviacha njiani. Hapo Dar es Salaam wanawake 11,000 wenye mimba ya kwanza walishiriki utafiti wa kulinganisha miligramu 1,500 na miligramu 500 tu, na wengine 11,000 wakafanya hivyo India. Majibu yalitoka mwaka 2024. Kwa wa Dar, waliopata kifafa cha mimba walikuwa 3.0 kwa kila 100 kwenye dozi ndogo na 2.7 kwenye dozi kubwa, yaani hawakuachana. Ukipewa, usimeze pamoja na vidonge vya kuongeza damu, zinazuiana. Achanisha saa kadhaa.

Hao wa Dar, mwanangu, ni wanawake waliokaa kwenye benchi kama lako, na wadada wenye karatasi wakawafuata. Hapo ndipo nataka kumjibu mumeo.

Nilipoanza kazi wodi ya wazazi, mama akianguka kifafa tulimchoma diazepamu, tukazima taa, tukafunga mlango, tukasubiri. Wengine waliamka. Mwaka 1995 utafiti wa wanawake 1,687 waliokwisha kuanguka kifafa ukaonyesha kwamba sindano ya magnesiamu inazuia kifafa kurudi kuliko diazepamu, kwa zaidi ya nusu. Ni sindano mbaya ile. Inapigwa kwenye makalio yote mawili, mama anahisi moto unampanda kutoka miguuni hadi usoni, wengine wananitukana nikiwa bado nimeshika bomba la sindano. Lakini wanatukana wakiwa hai. Bila shaka hata wewe ulichomwa usiku ule, ukiulizia utaambiwa. Kwa hiyo mumeo akisema mke wake hafanyiwi majaribio, mwambie kwa adabu kwamba majaribio walifanyiwa wake za watu wengine, wewe ukala matunda.

Lakini hilo halikulazimishi kukubali. Ana haki ya kuhofu, na utafiti mbovu upo. Soma ile karatasi. Nchini kwetu utafiti wa tiba kwa binadamu lazima uwe na kibali cha NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na karatasi iwe na namba ya kibali, jina la mtafiti mkuu na simu za kupiga ukiwa na malalamiko. Kama havipo, ishia hapo. Kama vipo, rudi ukawaulize, na nenda na mumeo akae kwenye kiti awaulize mwenyewe, si wewe umletee majibu ya kubeba mdomoni.

Mimi swali langu la kwanza lingekuwa hili: zile ultrasaundi mbili za ziada mkiona kitu, mtamwambia daktari wangu siku hiyo hiyo, au mtakiweka kwenye kompyuta yenu? Wakisema wanamwambia, umepata jicho la ziada juu ya mtoto wako bila kulipa. Wakisema hapana, faida yako ni ndogo, ujue hivyo mapema. Halafu uliza kama kuna dawa yoyote watakupa, maana ulivyoandika inaonekana ni kukufuatilia tu. Uliza nani ataona jina lako. Uliza sampuli zitakaa wapi na kwa muda gani, na kama zitavuka mpaka. Na uliza kama ukitoka katikati utaendelea kuhudumiwa vilevile. Jibu linatakiwa kuwa ndiyo, bila kukunja uso. Kutoka kunaruhusiwa kweli, si maneno ya kwenye karatasi: katika ule utafiti wa Uingereza niliokutajia, wanawake 152 walibadili mawazo njiani wakajitoa.

Kuhusu kondo, wanalitaka kwa sababu nilizokueleza pale juu. Ugonjwa unaanzia humo, na haiwezekani kulikata kondo la mama aliye hai na mimba tumboni ili ulichungulie. Linapatikana siku ya kujifungua tu. Kwa kawaida wanachukua vipande vidogo, kama punje za maharage, na kondo la mtoto wa kutimia lina uzito wa karibu nusu kilo. Uliza linalobaki linakwenda wapi. Omba iandikwe kwamba linarudishwa kwa familia. Watafiti wengine watakubali, wengine watakuruhusu kushiriki kwenye damu na ultrasaundi huku kondo ukilikataa. Wakikataa yote mawili, na moyo wako hautulii, sema asante uondoke.

Mama mkwe mwambie hivi, ukimkuta ametulia: mahospitalini, kondo lisipodaiwa na ndugu linaishia kwenye shimo nyuma ya jengo pamoja na ya wengine. Anayetaka kulizika mwenyewe lazima aje alidai. Mpe kazi hiyo. Mwambie siku ikifika, yeye ndiye atakayesimama mlangoni na ndoo yenye mfuniko na kuwaambia manesi, "Kondo la mjukuu wangu nalitaka." Nimewaona akina bibi wa namna hiyo, hakuna nesi anayewashinda. Huyu mama, nionavyo mimi, hakuchukii. Alimpoteza mjukuu na hana pa kuuweka uchungu wake, ameuweka kwenye boksi la aspirini. Mchukue kliniki siku moja. Mpe daktari nafasi amweleze mtu mzima mwenzake.

Mumeo mpe kazi ya presha. Kama mnaweza kununua kile kimashine cha mkononi, kinachofungwa juu ya kiwiko, sio cha kifundo cha mkono, apime na kuandika. Ikifika 140 kwa 90, kliniki siku hiyo, hata kama hujisikii kitu. Ikifika 160 kwa 110, ni hospitali saa hiyo hiyo.

Na hata kama mashine haisemi kitu: kichwa kisichoachia, vimulimuli, maumivu chini ya chembe ya moyo au upande wa kulia chini ya mbavu, uso kuvimba ghafla, mtoto kupunguza kucheza. Usisubiri Ijumaa. Usiseme pale mapokezi "najisikia vibaya", utaambiwa ukae foleni. Sema: "Nina mimba ya wiki kadhaa, mtoto wa kwanza nilimpoteza kwa kifafa cha mimba, sasa naona vimulimuli." Sentensi hiyo mfundishe na mumeo, aishike kama namba yake ya simu, kwa sababu huenda siku hiyo wewe usiweze kusema.

Zile aspirini zitoe kwenye begi, ziweke karibu na mswaki, mahali unapopita kila usiku. Nyembe za mwaka jana tupa, pamba nunua nyingine. Kanga zifue uzianike juani, zimekaa chini ya kitanda muda mrefu zitakuwa zinanuka uvundo. Ukimaliza wiki 28 niandikie uniambie presha inasomaje.

Mama Mkunga